Nani Kasema Chopi?

Wiki iliyopita niliwaacha mmesimama kwenye tope la uani, mimi nimeshika hatamu na daktari wa mifugo amekunja uso. Wengi mmeniandikia. Mmoja ameuliza kama farasi ni kitu cha kumliza mtu mzima. Mwingine amesema kwa jinsi ninavyomshuku kila mtu, ni ajabu nimepata mume. Wote nimewasoma, na huyo wa pili nampa haki yake. Mama yangu alikuwa akisema nilipopewa titi la kwanza nililinusa.

Kwa aliyechelewa, habari ni fupi. Mimi ni mshonaji wa vitu vya ngozi: matandiko, hatamu, mikanda. Nina farasi mmoja, wa kahawia, mwenye doa jeupe mfano wa ufunguo kwenye paji la uso. Jina lake Mjomba, kwa sababu siku ya kwanza alinitazama kama mjomba aliyekuja kuona kama nyumba imefagiwa. Miaka tisa nimeishi naye. Sasa mwenye mabanda anataka mabanda yake yawe ghala la vigae, na mwisho wa mwezi kila mnyama awe ametoka. Atakayebaki ataitiwa bwana wa lori la kijani, yule anayechukua wanyama wasiotakiwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza anawapeleka wapi.

Kwa hiyo nilikuwa nataka jambo moja tu hapa duniani. Mjomba aangukie mikono mizuri.

Na mikono hiyo nilikuwa nimeipata. Mwalimu, mama mtu mzima anayefundisha watoto kupanda farasi, alikuja mara mbili. Mara ya pili Mjomba alimng'ata mkono wa shati. Msicheke. Mjomba akikupenda hukung'ata mkono wa shati akavuta. Nguo zangu zote zina kiraka upande wa kushoto.

“Mwanangu, mimi nimeridhika,” Mwalimu alisema. “Lakini kabla sijamchukua, daktari amkague.”

“Hata madaktari wawili,” nikajibu. Mdomo wangu huo.

Daktari akaja, msichana mwenye mikono ya nguvu na maneno machache. Akaukunja mguu wa mbele wa kulia, akaushikilia hivyo huku akihesabu moja mpaka sitini, akauachia, akasema akimbizwe. Mjomba akakimbia. Kila mguu ule ulipogusa chini, kichwa kilipanda juu, kama mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wakwe akaona haya kusema.

“Anakwenda chopi,” daktari akasema.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa tuendelee, na mniombee.

Kwanza lile neno. Sisi pale uani tunasema farasi anachechemea. Ndivyo anavyosema mwenye mabanda, ndivyo anavyosema fundi wa kwato, ndivyo ninavyosema mimi. Chopi nalijua, lakini sikuwa nimelisikia tangu bibi yangu azikwe. Msichana wa umri ule kulitamka vile, tena bila kusita, kulinikwaruza sikio. Nikaliweka akilini.

Pili, jinsi alivyotazama. Aliupapasa mguu ule kutoka goti kushuka chini, akarudia, akarudia tena. Kisha akaitazama mikono yangu. Akaitazama fimbo ya kufukuzia mbwa iliyoegemezwa mlangoni. Akaitazama tena mikono yangu.

Nikajua. Anasubiri mkono huo uingie mfukoni umtolee kitu kidogo, ili mguu upone hapo hapo. Sikumpa. Akaandika karatasi yake, akampa Mwalimu nakala moja na mimi moja, akaondoka bila kuaga.

Mwalimu aliisoma mara mbili. “Nisamehe, mwanangu. Siwezi kuwapandisha watoto wa watu kwenye mguu wa kubahatisha.”

“Huenda ni uchovu wa siku moja.”

“Huenda,” akasema, na akamkuna Mjomba shingo kwa muda mrefu kabla hajaenda. Alikuwa na huzuni ya kweli. Hata mimi, na macho yangu haya, sikuona unafiki.

Nilimpigia simu mume wangu. Yeye ni dereva wa lori la maziwa, wiki nzima yuko njiani, wiki moja yuko nyumbani. Nikamweleza yote.

“Si kitu,” akasema. “Huenda ni heri.”

Mtu asiyeshangaa habari mbaya, mimi humweka pembeni nikamrudie baadaye. Nikamweka pembeni.

Siku ya tatu yake nilikuwa kwenye chumba changu cha kazi, zimebaki siku sita mwezi uishe. Mezani nilikuwa nimelaza tandiko la Mjomba, nimelifumua tumboni ili nibadilishe pamba. Ni tandiko kuukuu, lilishonwa kwa uzi wa kahawia. Kando yake ilikuwa karatasi ya daktari, ambayo nilikuwa naisoma kila baada ya chai kama kwamba maandishi yangebadilika.

“Hodi.”

Sikuitambua sauti. Sijui nini kilinituma. Nilikunja karatasi, nikaisukuma ndani ya tumbo la tandiko, nikapiga mishono minne haraka kwa sindano iliyokuwa mkononi. Ndipo nikasema karibu.

Aliingia mtu mrefu, shati limepigwa pasi, na miwani nyeusi. Hakuivua. Chumba changu kina dirisha moja, na mimi mwenyewe humo hupapasa. Nikampa jina papo hapo: Miwani.

“Mama, nimeona tangazo lako kwenye duka la pumba. Wa kahawia, mwenye ufunguo usoni. Bado yupo?”

“Yupo.”

“Mzima?”

Hapa, wasomaji wangu, ndipo pa kuungama. Ningeweza kusema, kaa, chukua kiti, nikuoneshe karatasi. Ningeweza kusema ana mguu. Lakini niliiona siku ya sita ikija, na lori la kijani limesimama uani limefungua mlango wa nyuma.

“Mzima,” nikasema.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Hilo nalijua tangu utotoni, ila siku hiyo lilikuwa halinihusu.

Tukaenda bandani. Hakuinua mguu hata mmoja. Hakumfungua mdomo aone meno. Hakuuliza umri. Mnunuzi asiyeuliza umri wa farasi ni sawa na mtu anayeposa asiulize jina la binti, na kila kengele iliyo ndani yangu ililia. Nikaziambia zinyamaze.

Kwa sababu kulitokea jambo. Mniamini, Mjomba hainamishi kichwa kwa mtu. Ili nimvishe hatamu napanda juu ya kreti ya soda, na miaka tisa tumebishana juu ya hilo. Miwani aliingia bandani, akasimama upande wa kulia, kinyume cha watu wote, akanyoosha mkono bila kusema neno. Mjomba akainamisha kichwa. Akakishusha taratibu mpaka magotini, akatulia hivyo.

“Amekupenda,” nikasema. Nilikuwa na wivu, niseme ukweli.

“Wanyama hunikumbuka,” Miwani akajibu.

Hakusema hunipenda. Nilisikia vizuri, nikajifanya sikusikia. Nyuma ya masikio Mjomba alikuwa amelowa jasho, na siku ilikuwa ya mawingu. Nalo nililiona. Nikasema ni joto la banda.

Tulirudi chumbani. Miwani aliweka mkono juu ya tandiko, akapitisha kidole gumba kwenye mishono.

“Hili la nani?”

“Lake.”

“Basi litamfuata mwenyewe.”

Mngekuwa ninyi mngesema nini? Kwamba haliuzwi? Kwa nini? Tandiko likaenda kwapani mwa Miwani, na karatasi ya daktari tumboni mwake.

“Bado kitu kimoja, mama. Andika hapa, kwa mkono wako. Mimi macho yangu ni mabovu. Andika farasi ni mzima, hana ila wala kasoro ya mguu, na hajawahi kuumizwa.”

“Hayo yote ya nini?”

“Ya amani. Wewe huamini watu, nami siamini watu. Karatasi ndiyo inayoamini.”

Nikaandika. Hana ila ya mguu. Hajawahi kuumizwa. Nikatia sahihi. Mwandiko wangu ni mzuri, nilisifiwa shuleni, na siku hiyo ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akasimama mlangoni.

“Hata akienda chopi kidogo,” akasema, “mimi si mtu wa kulalamika.”

Akatoka.

Nilibaki na kalamu mkononi. Chopi. Karatasi ya daktari haikuwa na neno hilo, daktari alilitamka tu, na aliyelisikia ni mimi, Mwalimu na Mjomba. Mwalimu si mtu wa umbea, na Mjomba ni farasi. Sasa huyu kalitoa wapi?

Na tazameni mtego ulivyonishika. Nikimkimbilia nikamuuliza, nani kakwambia anakwenda chopi, nitakuwa nimekiri kwamba kweli anakwenda chopi, na wino wa uongo wangu haujakauka. Nilikosa hata pa kusimama. Nilisimama dirishani nikamwangalia mtu akimchukua Mjomba wangu.

Kwenye mlango wa lori Mjomba hugoma mpaka umwimbie. Siku hiyo, mbele ya lori la Miwani, hakugoma. Alipanda kichwa kikiwa chini. Kabla hajapanda alinipita karibu sana pale dirishani, mkono wangu wa shati ukiwa nje, na hakuung'ata.

Nililia mpaka sindano zote mezani zikawa mbilimbili.

Kesho yake kilio kilikuwa kimekwisha na hasira imekaa mahali pake. Nilikuwa nimepanga hesabu yangu yote. Daktari na Miwani ni kitu kimoja. Daktari anamharibia mtu farasi mbele ya mnunuzi mwema, Miwani anakuja nyuma kumwokota. Ndiyo maana alitazama mikono yangu. Ndiyo maana hakuaga.

Zahanati ya mifugo ilikuwa imejaa. Bibi mmoja na kuku kwenye kikapu, baba mmoja na paka ndani ya mfuko wa unga, kichwa kimetoka. Daktari alikuwa anamchoma mbuzi sindano. Sikusubiri zamu.

“Wewe daktari, mwenzako amekulipa ngapi?”

Kuku alinyamaza. Hata paka aliacha kulia.

“Dada, unasema na mimi?”

“Nasema na wewe. Umemwambia mtu mguu wa farasi wangu kabla hata wino haujakauka. Na neno lako lile lile kapewa. Chopi! Hapa mjini nani anasema chopi? Wewe na marehemu bibi yangu, basi.”

Bibi wa kuku akavuta kikapu chake karibu. Baba wa paka akanyanyuka, akatazama mlango. Nilijua ninachofanya. Neno likisemwa mbele ya watu kumi haliokoteki, na nilitaka lisiokoteke.

Daktari hakupandisha sauti. Alimaliza mbuzi, akanawa mikono, akanishika kiwiko, akaniingiza chumba cha nyuma kwenye mizani ya kupimia mbwa. Akafunga mlango.

“Neno lile si langu,” akasema.

“La nani?”

“La mumeo.”

Nilikaa juu ya mizani. Mshale ukaruka, na hakuna aliyeutazama.

“Alinipigia simu siku moja kabla ya ukaguzi,” daktari akaendelea. “Akasema, daktari, utakapomkagua Mjomba usimharakishe. Uangalie mguu wa mbele wa kulia, akichoka anakwenda chopi. Akaniomba nisikwambie. Mimi neno hilo nalitoa wapi, dada? Ningesema anachechemea, kama watu.”

“Mume wangu.”

“Alisema watoto ndio watakaompanda.”

Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaza, tena nguo yenyewe naifua mimi. Nikasema la kusema.

“Na mikono yangu uliitazamia nini siku ile?”

Hapo daktari akaona haya kwa mara ya kwanza.

“Nisamehe kwa hilo. Mfupa ule una kinundu, umepona vibaya zamani. Hakuanguka. Umepigwa na kitu kigumu, na si mara moja. Nilikuta fimbo mlangoni.” Akashusha pumzi. “Nilidhani ni wewe. Sikuandika kwa sababu sikuwa na ushahidi, lakini nilidhani ni wewe. Usiku sikulala kwa kumfikiria yule farasi.”

Mimi namshuku yeye, yeye ananishuku mimi, na katikati farasi hana wa kumtetea.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Kwa mlango wa mbele nisingeweza, kuku yule angenitazama.

Mume wangu alikuwa amerudi. Alikuwa jikoni na fulana, anasugua chupa yake ya chai kwa mchanga na sabuni, kama afanyavyo kila akirudi safari. Alikuwa anapiga mluzi. Hajui Mjomba ameondoka. Sikuwa nimemwambia, nilitaka nimwambie ana kwa ana, na sasa nilitaka kitu kingine kabisa.

“Nani kasema chopi?” nikamuuliza kutoka mlangoni.

Mluzi ukakatika.

“Daktari amekwambia.”

“Ameniambia. Sasa niambie wewe. Miaka tisa nampanda farasi, mguu wake siujui, unaujua wewe unayemletea karoti Jumapili?”

Aliweka chupa chini. Akafuta mikono kwenye fulana, mkono mmoja, kisha wa pili.

“Kaa, mke wangu.”

“Nimesimama.”

“Unakumbuka nilikwambia nimemnunua kwa bibi mmoja aliyekuwa anahama?”

“Nakumbuka.”

“Hakukuwa na bibi.”

Nikakaa.

“Nilikuwa napeleka maziwa kwenye shamba moja,” akasema. “Nikasikia kelele bandani. Nikaingia. Kuna mtu amemfunga farasi kichwa chini, kwenye pete ya ukutani usawa wa goti, anampiga mguu kwa chuma cha geti. Mtu mwenyewe amefungwa kitambaa jicho moja, kinavuja. Farasi alikuwa amempiga teke wiki ile, akampasua jicho. Nikamwambia niuzie, au nakwenda kuita watu sasa hivi. Akaniuzia.”

Nilisikia maneno yote, lakini niliganda kwenye moja. Kichwa chini.

“Aliponipa kamba akacheka,” mume wangu akaendelea. “Akasema, mchukue, ila ukimchosha atakwenda chopi. Na ana jicho langu huyo. Ipo siku nitalidai. Nikaona nikikwambia yote utamwogopa farasi, au utamwonea huruma, na yeye hakuhitaji kuonewa huruma. Alihitaji mtu wa kubishana naye. Nikanyamaza. Siku ikapita, mwaka ukapita, nikaona sasa nitaanzia wapi? Lakini ulipotaka kumpa Mwalimu, watoto wakanikaa rohoni. Ndipo nikampigia daktari.” Alinitazama. “Nilikosea kukuficha. Lakini nafurahi hajauzwa. Nimepata mtu njiani, ana malisho, anamtaka hivyo hivyo na mguu wake. Keshokutwa tunampeleka.”

Miaka tisa nilikuwa nahisi Mjomba akifupisha hatua tukirudi kutoka mbali. Nilisema ni mvivu. Nilimtania kwa hilo, nikamwambia mjomba gani huyu, anachoka kama mpwa. Hakuwa mvivu. Na mtu aliyeujua ukweli alikuwa analala upande wa ukutani wa kitanda changu.

“Huyo mtu,” nikasema, “jicho lake lilipona?”

“Sijui. Alisema hospitali wamemwambia litatolewa. Kwa nini?”

“Angekuwa anavaa miwani?”

“Labda. Kwa nini?”

“Nyeusi. Hata ndani ya nyumba.”

Mume wangu ana uso wa kahawia kama wa watu wote wa kwao. Niliuona ukigeuka rangi ya majivu.

“Mjomba yuko wapi?”

Nikamwambia. Si yote. Nilimwambia mtu amekuja, nimemuuzia, jana. Kwamba alisimama upande wa kulia. Kwamba Mjomba aliinamisha kichwa. Karatasi niliyoandika kwa mkono wangu sikuitaja. Tandiko sikulitaja. Niliona ya leo yanatosha, hayo nitayasema njiani.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alivaa shati, akakosea vifungo, akachukua funguo za lori kwenye msumari.

“Shamba nalijua,” akasema. “Saa moja na nusu kwa mwendo wa lori. Vaa viatu. Tunampitia daktari, aone mguu, aseme alichokiona. Kutoka hapo moja kwa moja polisi. Mtu aliyempiga mnyama vile mara moja hana haki ya kumpata mara ya pili.”

Nilikuwa nimeinama navaa kiatu, na kwa mara ya kwanza tangu jana nilihisi nimeegemea kitu kisichoyumba. Mume wangu. Nilikuwa nimemshuku huyu. Nilitaka kumwambia neno zuri, nikawa nalitafuta.

Simu yangu ikaita mezani.

“Mama,” sauti ikasema. “Mimi mnunuzi wako.”

Mume wangu alikuwa mlangoni, ananipa mgongo, anageuza funguo kidoleni.

“Tandiko lako lina uzi wa kahawia pande zote,” Miwani akasema, taratibu, kama mtu anayemsomea mtoto. “Mahali pamoja tu pana mishono minne ya uzi mweusi. Mshonaji mzuri kama wewe haharibu kazi namna hiyo bila sababu. Kwa hiyo niliomba tandiko.”

Nikaibana simu sikioni, sauti isimfikie mume wangu.

“Sasa ninazo karatasi mbili. Ya daktari inasema mguu mbovu, imeandikwa siku tatu kabla. Ya kwako inasema hana ila ya mguu, hajawahi kuumizwa. Kwa mwandiko mzuri sana. Mimi ni kipofu wa jicho moja, nimetapeliwa. Polisi watamwonea huruma nani, mama, mimi au wewe? Na kinundu kile, tangu lini? Farasi umekaa naye miaka tisa. Wewe mwenyewe umeandika hajawahi kuumizwa. Basi kama ana jeraha, tutasema nani kampiga?”

Akanyamaza ili niwaze. Nikawaza. Niliiona fimbo ya mbwa imeegemea mlango wa banda, na daktari anaitazama mikono yangu. Niliwaona watu kumi wa zahanati walionisikia leo asubuhi nikimtukana shahidi wangu mwenyewe.

“Baki kwako tu,” Miwani akasema. “Nami nitabaki na wangu. Umenielewa?”

Nyuma ya sauti yake nilisikia kwato juu ya saruji. Tatu zikigonga, ya nne ikisita. Tatu zikigonga, ya nne ikisita. Kisha mnyororo ukaburutwa, ukapitishwa kwenye kitu cha chuma, na kwato zikanyamaza.

“Nimeelewa,” nikasema.

Simu ikakatika. Mume wangu akageuka, shati limepinda kwa vile vifungo, uso wote umejaa haraka.

“Nani huyo?”

Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mkononi. Ungenitosha ukweli mmoja tu, na ningeweza kuusema kabla sijavaa cha pili.

“Wamekosea namba,” nikasema.